Nilipopanga Folda, Sauti ya Mama Mkwe Ikapinda

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti chini ya meza ya studio, sikio nimelibandika kwenye kompyuta, nasikiliza diski ikigonga tk, tk, tk, kama mgeni anayebisha hodi kwa ukucha. Kabla ya hapo paa lilivuja juu ya mitambo. Kabla ya paa, maiki yangu nzuri iliangushwa na mpiga tarumbeta aliyekuwa anainama kuwashukuru watu ambao hawakuwepo. Sasa zamu ikawa ya kompyuta.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi mitambo wa studio ndogo ya kurekodi nyimbo. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, kuta zimefunikwa magodoro ili sauti isirandarande. Wateja wananiita Waya. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya kazi. Mke wangu anasema ni kwa sababu ya miguu.

Leo nakiri jambo nililolificha mwaka mzima. Linamhusu mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu. Alipostaafu, wenzake walianza kufuga kuku. Yeye akaanza kuimba. Akaja studio na daftari lenye nyimbo sita alizotunga mwenyewe, nyimbo za kuwaamsha watoto waende shule. Maneno matamu, yanachekesha, yana akili. Nikamkalisha mbele ya maiki, nikavaa hedifoni, nikabonyeza kitufe.

Ndugu zangu, sauti ilikuwa nene, yenye joto. Lakini wimbo ulipokata kulia, yeye alikata kushoto. Wimbo ulipopanda, yeye alibaki chini akiusubiri urudi.

Ningemwambiaje? Yule ni mama wa mke wangu. Siku nilipokwenda kuposa, wajomba walinitazama kama mzigo uliokosewa anwani. Ni yeye aliyesema, "Kijana ni mwembamba, lakini anasikiliza. Mpeni."

Sasa, ndani ya programu ya kurekodi huwa tunatia viprogramu vidogo vya kutusaidia, vinaitwa plagini. Kuna ya kuongeza mwangwi, kuna ya kukata mvumo, kuna ya kunenepesha ngoma. Na ninayo moja ya zamani ambayo naiita Pasi. Kazi yake ni kunyoosha sauti iliyopinda. Nilimpiga mama mkwe pasi neno kwa neno, wiki mbili nzima, mpaka wimbo ukalala kama shuka la hoteli.

Wimbo wa kwanza ulipotoka, redio ikaupiga. Watu wakaupenda. Mama mkwe akawa anasimamishwa njiani na watu wenye watoto.

Na mimi nikaufyata.

* * *

Jumatatu asubuhi fundi kompyuta akaja. Tunamwita Daktari, maana hajawahi kufungua kompyuta bila kuuliza kwanza ilianza kuumwa lini. Akasikiliza ile tk, tk, akatikisa kichwa.

"Ilianza lini?"

"Ijumaa."

"Ina siku chache hii." Akanipa diski mpya, ndogo kama kipande cha sabuni. "Nakili kila kitu humu. Nyimbo, plagini, mipangilio ya plagini. Kesho kutwa nitakuja kubadilisha hii mgonjwa."

"Sawa."

"Waya, nitazame. Nakili kwanza, ndipo upange. Usije ukapanga kwanza ndipo unakili."

"Nimekusikia, Daktari."

Nilimsikia kweli. Kumfuata ndiko kulikonishinda.

Maana alipoondoka nikafungua mahali plagini zinapokaa, nikaona aibu. Miaka saba nimezikusanya kama mtu anayeokota vifungo barabarani. Zilikuwa shaghalabaghala, katika folda kumi na moja. Kulikuwa na folda iitwayo "Mpya". Nyingine "Mpya 2". Nyingine "Mpya Kweli". Kulikuwa na "Usifute", na ndani yake "Usifute ya Zamani", na ndani ya hiyo plagini ishirini za kujaribu tu, ambazo muda wake uliisha nikiwa bado kapera. Pasi peke yake ilikuwa humo mara nne, katika folda nne.

Na asubuhi hiyohiyo mke wangu alikuwa amepanga kabati la jikoni. Kila kopo lina kikaratasi, kila kikaratasi kina mwandiko. Alinionyesha huku amejishika kiuno, akasema, "Ndivyo wanavyoishi watu wenye akili."

Maneno yale nilikuja nayo studio.

Nikakunja mikono ya shati. Nikatengeneza folda mpya zenye majina ya kueleweka: Mwangwi. Ngoma. Vinanda. Sauti za Watu. Na moja, Takataka. Nikaanza kuhamisha. Hii huku, ile kule, hii ni ya nini, tupa. Kila plagini iliyokuwa na mapacha nilibakisha mmoja, waliobaki nikawatia Takataka. Kisha nikaifuta Takataka. Kisha, kwa kunogewa na usafi, nikamwaga hata lile pipa la kompyuta linalotunza vitu ulivyofuta, pipa ambalo limewekwa pale kwa ajili ya watu kama mimi.

Ndipo nikanakili. Nyimbo zilichukua muda wake, kama zilivyostahili. Plagini zilikwisha kwa dakika moja na nusu.

Mtu mwingine angejiuliza: plagini za miaka saba, dakika moja na nusu? Mimi nilijipongeza kwa kasi. Nikaegemea kiti, nikajiona kama mtu aliyetoka kwa kinyozi.

Mlango ukagongwa.

* * *

"Hodi humu ndani."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nimekuja na mgeni."

Mgeni alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, ambaye wasikilizaji wanamwita Jogoo. Ni mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuja kusikiliza wimbo wa tatu wa mama mkwe, ule wa mtoto anayetafuta kiatu kimoja, ili auzindue hewani siku ya Alhamisi.

"Huyu mkwe wangu ndiye aliyenirekodi," mama mkwe akamwambia. "Ana masikio ya popo."

Kichwa kikanivimba. Nikaufungua wimbo.

Kompyuta ikatoa kidirisha: plagini kumi na nne hazikupatikana, uendelee?

Vidirisha vya kompyuta mimi huwa sivisomi. Huwa naviondoa. Nikabonyeza "ndiyo", nikaongeza sauti ya spika, nikakunja nne.

Kinanda kikaanza vizuri. Ngoma ikaingia, kavu kidogo. Halafu ikaingia sauti.

Sauti yenyewe. Bila pasi, bila mwangwi, bila chochote cha kujisitiri. Kinanda kikaenda kulia, sauti ikaenda kushoto. Ilipofika kwenye kiitikio, mahali pa kupanda, ikapanda ngazi mbili, ikachoka, ikakaa.

Nikatafuta kipanya, nikakigonga, kikaanguka. Nikaingia chini ya meza kukiokota, na huko chini nikausikia ubeti wa pili wote.

Nilipoibuka, Jogoo alikuwa ameinamia daftari lake, anaandika kitu ambacho nadhani hakikuwa neno. Mama mkwe alikuwa ameweka kichwa upande, kama mwalimu anayemsikiliza mtoto akikosea jedwali la saba.

Nikausimamisha wimbo.

"Huyu ni nani?" akauliza mama mkwe.

Hapo ndipo ningesema kweli, na mkasa huu ungeishia hapo, na gazeti lingepata nafasi ya kuweka tangazo la magodoro.

"Ni dada mmoja," nikasema. "Alikuja kujaribu sauti."

"Akaimba wimbo wangu?"

"Anaupenda sana, mama."

Uso ukalainika.

"Maskini. Moyo anao. Sikio ndilo hana." Akanigeukia. "Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia amejitahidi."

"Ukamwacha aende hivyohivyo? Hapana, baba. Huko si kumheshimu mtu. Mtu akikosea huambiwa, ndipo ajifunze. Mlete kwangu, nitamfundisha mwenyewe."

Nikashusha pumzi. Nikaona nimeponea chupuchupu. Baada ya siku mbili nitasema yule dada amehama mji, mambo yatapoa. Lakini Jogoo alikuwa ameshanyanyua kichwa, macho yanamng'aa.

"Mwalimu," akasema, "mlete redioni. Alhamisi, hewani. Wewe unamfundisha, watu wanasikia anavyonyooka. Sijawahi kuwa na kipindi kama hicho."

"Atakubali?" mama mkwe akaniuliza.

Wote wawili wakanitazama.

"Atakubali," nikasema. Sijui nani alinituma.

* * *

Nilimpigia Daktari simu, akafika baada ya chakula cha mchana. Nikamweleza yote isipokuwa mama mkwe. Akafungua diski mpya, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Waya, hebu niambie umenakili nini."

"Plagini."

"Nyingi humu si plagini. Unaona kimshale hiki kidogo pembeni? Hizi ni njia za mkato. Ni sawa na kuandika kwenye karatasi 'sukari iko kabatini', halafu ukahama nyumba, ukabeba karatasi, kabati ukaliacha."

"Na kabati liko wapi?"

"Ulilifuta." Akaendelea kubofya. "Zile ulizohamisha tu si neno. Programu inazitafuta mahali pa zamani, nitazirudisha kwenye folda zao zitaonekana. Tatizo ni hawa mapacha. Kila uliyembakisha ni kimshale. Uliyemfuta ndiye mwenyewe."

"Na Pasi?"

"Pasi ulibakisha mshale."

"Si naweza kuipakua upya?"

"Walioitengeneza walishafunga kazi." Akacheka kidogo, peke yake. "Marehemu babu alikuwa anasema njia ya mwongo ni fupi. Sikujua alikuwa anazungumzia kompyuta."

Hakujua amenichoma wapi. Nilijitia hamnazo, nikakung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye kinanda.

"Sikiliza," akasema. "Kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo. Hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kije kukikalia. Nitaichukua hii diski mgonjwa nyumbani, niikwangue taratibu. Lakini sikuahidi. Inaweza kukata roho mikononi mwangu."

"Daktari, fanya unavyoweza."

"Na wewe usipange kitu chochote. Hata viatu mlangoni, viache."

Akaondoka ameikumbatia diski kifuani kama mtoto mchanga.

* * *

Jioni nikamweleza mke wangu. Alikuwa amesimama. Nilipofika kwenye "dada mmoja" akakaa kwenye kiti. Nilipofika kwenye "atakubali" akashuka sakafuni, anacheka bila sauti, mikono imeshika tumbo.

"Ngoja kwanza," akasema huku akifuta machozi. "Kwa hiyo mama hajui kuimba?"

"Maneno anayajua."

"Na mimi mwaka mzima najiuliza sauti ile ameitoa wapi. Tulipokuwa watoto, mama akianza kuimba tu, tulikuwa tunakumbuka hatujafua. Tulikwenda kufua bila kutumwa."

"Basi nisaidie, mke wangu. Alhamisi ujifanye wewe ndiye yule dada. Ubadilishe sauti kidogo."

"Mbele ya mama aliyenizaa? Mimi nikikohoa tu chumba cha pili anajua nimekula nini." Kicheko kikamwisha. Akanyanyuka, akajikung'uta. "Hapana. Hili utakwenda kumwambia mwenyewe, kabla ya Alhamisi. Redioni nitakuja nikushike mkono. Lakini kusema, utasema wewe."

"Atanichukia."

"Huenda. Utakwenda hivyohivyo."

Jumanne nilidhani nitapumua. Nikafungua redio ya studio, nikamsikia Jogoo. Alikuwa anatangaza kila saa: Alhamisi asubuhi, mwalimu mwenye sauti ya asali atamfundisha hewani mwanamke asiyeweza kuimba, mwanamke aliyegunduliwa katika studio ya Waya, nyuma ya duka la viatu. Saa iliyofuata akaongeza kwamba mwanamke huyo ni jasiri. Saa iliyofuata akasema ni mfano kwa taifa.

Muuza viatu akaja kunipa mkono. "Hongera, jirani. Sikujua una moyo wa kuwasaidia watu wa namna hiyo."

Nikamshukuru. Ningefanya nini?

* * *

Jumatano nikapiga moyo konde, nikaenda kwa mama mkwe.

Alikuwa ameondoa kila kitu juu ya meza ya sebuleni. Ameweka ubao mdogo, amechora ngazi ya sauti kutoka chini hadi juu, kila kipandio na namba yake. Pembeni kulikuwa na daftari jipya lililofunikwa karatasi ya kaki, na penseli imechongwa mpaka inatisha.

"Kaa, baba. Nimemwandalia masomo sita. Tutaanza na kusikiliza. Hatafungua mdomo mpaka somo la tatu." Akafungua kalamu, akaliinamia lile daftari. "Jina lake nani, nimwandikie hapa juu?"

Nikatazama zulia. Lilikuwa na maua kumi na mawili upande wangu.

"Mama, usiandike kwanza."

"Kwa nini? Hajui kusoma?"

"Anajua. Alikuwa mwalimu."

Kalamu ikasimama hewani.

"Yule dada ni wewe, mama," nikasema.

Sikuthubutu kuinua macho. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia jirani akisogeza ndoo uani, akaisogeza tena.

"Unayo hapo?" akauliza. "Ile sauti."

Nilikuwa nayo kwenye simu, maana nyimbo zenyewe zilinakiliwa salama. Nikaiweka simu juu ya meza, nikabonyeza. Akafumba macho, akasikiliza mwanzo hadi mwisho, midomo ikifuata maneno. Kwenye kiitikio, pale sauti ilipochoka ikakaa, akanyanyua nyusi.

Wimbo ukaisha.

"Na yule wa redioni ni nani?"

"Ni wewe pia, mama. Nilikunyoosha kwa kompyuta. Kuna plagini naiita Pasi."

"Umenipiga pasi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo, mama."

Akafunika kalamu. Akaiweka sambamba na penseli.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," akasema. "Mtoto akikosea nilimwekea kosa, kwa wino mwekundu. Wengine walilia. Lakini daftari lilikuwa lake, kosa lilikuwa lake, na siku alipopata, ile furaha ilikuwa yake. Wewe ulilichukua daftari langu nimesinzia, ukanifanyia hesabu, ukanirudishia mia kwa mia. Nami nikatoka nalo, nikawaonyesha watu barabarani."

Machozi yalinilenga, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wakwe.

"Uliniona haya?"

"Hapana, mama. Hata siku moja. Niliogopa tu kukuambia."

"Kwani mimi natisha?"

Nikafikiri. Nilishachoka kusema uongo.

"Kidogo, mama."

Yakaanza mabega. Yakatikisika mara moja, mara mbili, kisha kicheko kikapasuka, akashika meza kwa mikono miwili. "Natisha," akasema, akacheka tena. "Ikanibidi niwe jitu ili nisiambiwe naimba vibaya." Kicheko kile, naapa, hakikuhitaji pasi hata kidogo. Mimi nilianza kucheka kwa woga, nikamaliza kwa furaha.

Simu ikalia kati ya mikono yetu. Ujumbe kutoka kwa Daktari: *Pasi nimeipata, ilijibana pembeni mwa diski. Nyingine zote pia. Nizirudishe kwenye folda zake?*

Nikamsomea.

"Mwambie azirudishe," akasema mama mkwe. "Na hiyo Pasi aitunze nakala tatu, mahali patatu, moja kati ya hizo isikae studio kwako. Wapo wanaoihitaji. Ila mimi kesho naimba kavu."

"Hewani, mama?"

"Hewani ndiko niliposifiwa. Nitawaambia ukweli, nitaimba nilivyo, halafu nitaanza masomo. Na mwalimu wangu ni wewe." Akanisogezea lile daftari jipya. "Somo la kwanza ni kuniambia kweli. Ukinionea huruma tena, nitakuwekea kosa."

Nikatoka pale mwepesi kama karatasi. Sikumbuki kama nilipita barabarani au juu yake.

* * *

Alhamisi tukaenda redioni watu watatu. Mama mkwe mbele, mimi na mke wangu nyuma, mkono wangu ndani ya mkono wake kama alivyoahidi. Ujia wa kuingilia ulikuwa mwembamba, una zulia la kijivu linalokula nyayo, na mwisho wake mlango mzito wenye kioo na taa juu yake.

"Unatetemeka," mke wangu akaninong'oneza.

"Ni furaha."

"Nakuamini," akasema, akanibana vidole.

Mama mkwe alikuwa anapasha koo. Mhm, mhm. Ilikuwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Nikamwambia. Akageuka, akanitazama, akashusha. "Hivyohivyo," akasema. "Endelea hivyo."

Sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kama ile.

Mlango mzito ukafunguka, Jogoo akachungulia, uso wote meno.

"Mwalimu, karibuni, karibuni. Mmechelewa kidogo, lakini haidhuru. Mwanafunzi wako ameshafika."

Tukasimama.

"Mwanafunzi gani?" nikauliza.

"Yule dada wako wa studio. Yuko ndani tangu saa kumi na mbili. Ameshakunywa chai vikombe viwili, hana hata wasiwasi." Akaufungua mlango mpaka mwisho.

Mbele ya maiki ya wageni alikaa mwanamke wa rika langu, hedifoni shingoni, kikombe mkononi. Uso ule sijawahi kuuona. Si studio, si dukani kwa viatu, si popote. Akageuka. Aliponiona akatabasamu kama mtu aliyemwona ndugu kituoni.

"Waya," akasema, "mbona hukuniambia kwamba wimbo wetu umefika redioni?"

Vidole vya mke wangu vikatoka mkononi mwangu, kimoja kimoja.

Mama mkwe alimtazama yule mwanamke kuanzia kichwani hadi viatuni. Kisha akanitazama mimi. Kicheko cha jana hakikuwepo mahali popote usoni pake.

"Mkwe wangu," akasema kwa sauti ya chini, "ulinidanganya Jumatatu, au ulinidanganya jana?"

Nikafungua mdomo. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Jogoo akaweka kidole kwenye midomo, akanivuta kwa mkono wa shati, akanikalisha ubavuni mwa yule mwanamke, akaisogeza maiki mpaka ikanigusa kidevu.

"Wasikilizaji, habari za asubuhi," akasema kwa ile sauti ya mtu mrefu. "Tunaye hapa fundi mwenyewe, Waya. Hebu Waya, waambie watu: huyu dada ulimpata wapi?"